TAHADHARI: Sabufa za "wati 12,000" na "5.1" za uongo Kariakoo

Wakuu, mwenye mpango wa kununua sabufa Kariakoo, moja ya kupigia muziki na kuangalizia muvi, asome hapa kabla hajatoa hela.

Mchezo unaanzia kwa winga. Anakudaka barabarani, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka dukani "kwa bosi wake". Duka si lake na mzigo si wake, ila cha juu ni chake. Hiyo sawa, ndiyo biashara ya mjini. Wizi uko kwenye boksi.

Shemeji yangu kauziwa laki nne na nusu. Boksi limeandikwa 5.1 na PMPO (eti nguvu ya kilele) 12,000W, maandishi makubwa kama bango la kampeni. Geuza sabufa yenyewe sasa, usome kibandiko karibu na waya wa umeme: 220–240V, 50Hz, 65W. Hizo 65 ndizo inazovuta ukutani. Kitu kinachovuta wati 65 hakiwezi kutoa hata 65 zenyewe mfululizo, maana nyingine zinapotea kwa joto. PMPO haina kipimo kinachokubalika popote, kila kiwanda kinaandika kinachojisikia. Wati ya kuulizia ni RMS, yaani zile inazotoa mfululizo, na muuzaji akianza kukwepa swali hilo, ondoka.

Lakini kilichonikera zaidi ni hiyo 5.1. Maana yake ni spika tano, kila moja na sauti yake, halafu ile .1 ni njia ya peke yake ya milipuko na ngurumo, isiyozidi Hz 120 (Hz ni mitetemo kwa sekunde; namba ikishuka, besi inazidi kuwa nzito). Ili vyote hivyo vifike, lazima viingie kwa HDMI, kwa waya wa optiko au koaksia, au kwa matundu sita toka kwenye deki. Na hata HDMI ikiwepo, uliza kama inasoma Dolby Digital, mfumo unaobeba sauti hizo za 5.1. Ya shemeji ina tundu jekundu na jeupe basi, yaani kushoto na kulia. Spika tano zimetapakaa sebuleni, zote zinarudia sauti zilezile mbili. Muuzaji alimwambia "inajigawa yenyewe".

Dukani hutagundua. Wanakuwekea singeli, besi imepandishwa mwisho kwa rimoti, kachumba kenyewe kembamba, vioo vinatetemeka, unaona huu ndio mziki mnene. Visanduku vidogo vya namna hii vyenye tundu la upepo huwa vimetengenezwa vivume sehemu moja, mara nyingi juu ya Hz 50, na mdundo wa ngoma unaangukia hapohapo. Weka muziki wa dansi usikilize gitaa la besi. Waya wake mnene kabisa hulia kwenye Hz 41 hivi, na hapo utasikia noti zinafanana zote au zinamezwa. Kwenye muvi, ambako ngurumo hushuka hadi karibu na Hz 20, ni aibu: koni ya spika inagonga, tundu linapuliza upepo, besi hakuna.

Kwa hiyo nenda na flashi yako yenye wimbo wa dansi unaoujua vizuri na kipande cha muvi. Besi irudishwe katikati. Halafu idai ileile iliyopigwa, au hiyo ya kwenye boksi ifunguliwe ipigwe mbele yako. Shemeji aliambiwa "hii ni sampo, ya kwako inatoka stoo", na iliyotoka stoo ukiinyanyua ni nyepesi kabisa kuliko ya dukani. Jina la kampuni nalo limebadilishwa herufi moja, ukisoma haraka huoni.

Risiti waliyompa ni ya kuandika kwa mkono, chini ina muhuri wa "mali ikiuzwa hairudishwi". Dai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la duka, na modeli iandikwe. Bidhaa ikiwa ya kughushi, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoshughulika nazo, na bila risiti ya maana utaanzia wapi?

Shemeji aliporudi dukani, mwenye duka alisema huyo winga hamjui. Kelele zilipozidi wakakubali kumbadilishia na nyingine ya aina hiyohiyo. Kakataa, na hela yake bado wanayo.