Nyota mbili kwa paki ya watoto tuliyoenda Idi Pili

Naanza na kadi. Getini wanakupa kikadi cha njano kina namba 1 mpaka 5, mtoto akipanda mchezo kijana anatoboa tundu moja, zikiisha tano unanunua nyingine. Kiingilio mtu mzima elfu 10, mtoto elfu 7, kadi elfu 15. Sisi tulikuwa watu wazima wawili na watoto watatu, piga hesabu mwenyewe, ni elfu 86 na hapo hatujanunua hata maji ya kunywa.

Jina la paki sitaji, iko nje kidogo ya Dar, na sitaji kwa sababu meneja ni kijana mstaarabu alinisikiliza, nikimchoma humu ntakuwa simtendei haki. Ila nyota ni mbili na ntaeleza.

Kwanza tulikwama getini kwa chapati. Mlinzi kafungua kikapu kaona hotpoti anasema dada chakula cha nje hakiruhusiwi, wife akamjibu hiki si cha nje kaka, hiki ni cha nyumbani. Watu wa foleni wakacheka, mlinzi mwenyewe akacheka, chapati zikabaki getini hivohivo. Ndani chipsi kuku elfu 12 na ukiagiza unasubiri dakika arobaini, kuku mwenyewe ndo kwanza ananyonyolewa manyoya ukifikiria muda ule.

Haya michezo. Treni ya watoto ilikuwa imesimama inasubiri mtu alieenda kununua dizeli. Gurudumu kubwa, lile linaloonekana tangu barabarani na ndo lililotuleta, limefungwa kamba ya manila na hamna hata karatasi inasema kwanini. Magari ya kugongana yako tisa, yanayotembea matatu. Mi nilisimama pale karibu nusu saa naangalia maana niliipenda kazi ya yule kijana: ile fimbo ya nyuma inayogusa wavu wa juu ndo inaleta umeme, sasa magari mengine fimbo imelegea kafunga na waya na solotepu, gari likizima katikati anakimbia anaitingisha fimbo kwa mkono mmoja, huku mguu wa kushoto anasukuma gari jingine lililokwama kwenye kona, na mdomoni ana filimbi. Mtu mmoja anafanya kazi ya mashine sita. Huyo apewe nyota yake peke yake, tano.

Jua sasa. Yaani hamna kivuli. Ukiangalia vizuri pale kwenye maegesho unaona visiki, vitatu vikubwa, miembe ilikatwa ili magari yapaki. Kwahiyo magari yako juani na watu wako juani. Wamama walikuwa wamejibanza kwenye ukuta wa choo maana ndo ukuta pekee wenye kivuli saa nane mchana.

Ila lililoniudhi kuliko yote ni "kijiji cha asili". Kipo katikati kabisa, wamekijengea uzio, na ni mchezo namba tano kwenye kadi, yaani wanatoboa tundu. Unaingia unakuta kibanda cha makuti, mtungi, kinu na mchi, jiko la mafiga matatu lisilo na moto, na simba wa zege anayefanana na mbwa wa jirani yetu. Kinu kimezungushiwa kamba usiguse. Binti yangu wa miaka tisa akasema baba mbona hii kama kwa bibi. Na kweli ni kama kwa bibi Muheza, tofauti ni kwamba bibi anampa mchi anatwanga mpaka anachoka, anachoka mwenyewe anakimbia, na hatoi hela.

Hapo ndo nilipokumbuka Anaheim.

Mwaka 2023 nilienda kwa dada yangu anaishi California, akatupeleka Anaheim kwenye Disney California Adventure, ile paki ya pili iliyo pua kwa pua na Disneyland ya zamani. Tulifurahi mpaka usiku, mimi mtu mzima nimepiga kelele kwenye magari ya Radiator Springs Racers kama mtoto. Shemeji yangu yuko kule toka miaka ya tisini akawa ananicheka, anasema ungekuja mwaka 2001 ungelia. Nikajua anatania, niliporudi hotelini nikasoma, kumbe kweli bana.

Ilifunguliwa Februari 8, 2001 kwenye uwanja uliokuwa maegesho ya magari ya Disneyland. Ilijengwa kwa takriban dola milioni 600, ambazo kwa wenzetu zile ni hela za kubana matumizi, maana walikuwa wameungua vidole kwenye paki yao ya Ufaransa miaka ya tisini wakawa waoga. Wakasema mada iwe California. Sasa fikiria, upo California, umelipa dola 43, bei ileile ya Disneyland ya jirani, unaingia ndani unaonyeshwa nini? California. Daraja la Golden Gate dogo, lile maarufu la San Francisco. Kiwanda kidogo cha kutengeneza tortilla, chapati za Kimeksiko. Kiwanda cha mkate. Sehemu ya shamba ina matrekta yameegeshwa, matrekta kweli, watoto wanapanda kukaa. Watu wa kule wakasema mbona hivi vyote tunavipita na gari bure? Kinu cha bibi kabisa.

Walitegemea watu milioni 7 mwaka wa kwanza, wakaja kama milioni 5. Kulikuwa na kigari kimoja cha kukutembeza kwenye masanamu ya mastaa wa Hollywood, kikafungwa Januari 2002, hata mwaka hakikumaliza. Michezo ya watoto wadogo ilikuwa michache ya kuhesabu, paki ya Disney hiyo!

Na msinielewe vibaya, hata Disneyland yenyewe mwaka 1955 ilifunguliwa vibaya, lami ilikuwa mbichi visigino vya kina mama vikawa vinazama, watu wakaingia kwa tiketi feki, mafundi bomba walikuwa na mgomo ikabidi wachague kati ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa, wakachagua vyoo. Ndo maana sijatoa nyota moja. Paki ikianza vibaya si msiba, mi nataka kujua mwenye nayo anafanya nini baada ya hapo.

Kwa hawa wa California walichofanya kwanza ndo hichohicho kinachofanyika huku kwetu. Viraka. Mwaka uleule 2001 wakaleta gwaride la taa la usiku lililokuwa la jirani, wakatoa ofa kwa wakazi, 2002 wakaongeza kona ya watoto ya wadudu, 2004 wakasimamisha jengo refu la kukuangusha na lifti. Kila kimoja kizuri kivyake. Lakini ukiingia getini bado ni kulekule, mlango uleule na mada ileile isiyo na hamu, ni kama mtu anabadilisha pazia wakati bati linavuja.

Kilichobadilisha mambo ni 2007. Bosi mpya wa Disney, Bob Iger, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameinunua Pixar, kampuni ya filamu za katuni, akatangaza wanaweka dola bilioni 1.1 kuitengeneza upya. Yaani ukarabati unakaribia mara mbili ya gharama ya kuijenga! Mi hapo ndo nilimheshimu, maana bosi kukubali hadharani kwamba tulikosea na kukosea kwenyewe kutatugharimu zaidi ya kujenga, sio jambo dogo. Na wakalifanya polepole huku paki iko wazi, 2008 mchezo wa Toy Story wa kulenga shabaha, 2010 maji yanayoruka na taa usiku, halafu Juni 15, 2012 wakafungua Cars Land, eneo la katuni ya Cars lenye yale magari niliyopigia kelele, pamoja na geti jipya kwa siku moja. Mwaka huo watu wakapita milioni 7. Miaka kumi na moja toka wafungue ndo wakafika pale walipotaka kufika mwaka wa kwanza.

Sasa sikia ujanja wao, maana ndo ninaotaka meneja wetu ausome. Hawakuifuta California. Ile njia ya kuingilia waliibomoa, daraja likaondoka, wakajenga mtaa wa Los Angeles ya miaka ya ishirini, wakati Walt Disney alipofika pale mwaka 1923 na begi lake, tramu nyekundu zikawa zinapita, maduka ya kizamani. Bado ni California ila ni California ambayo huwezi kuwasha gari ukaenda kuiona maana haipo tena. Na Cars Land ni barabara tu, barabara na milima ya jangwani na vituo vya mafuta, vitu vimejaa kule nje, ila humu ndani unapewa gari unashindana na mwenzio, jambo ambalo ukilifanya nje polisi wanakuchukua.

Basi kijiji cha asili kisibomolewe. Kigeuzwe. Toa kamba kwenye kinu, weka mahindi, weka bibi mmoja mchangamfu wa kuwafundisha watwange, gharama yake ni debe la mahindi kwa siku. Halafu leta daladala bovu. Yako mengi tu yanaoza gereji, na kama kuna mtu anajua ilipo chai maharage, ile ya kukaa mnatazamana, au kichwa cha Ikarusi kumbakumba, yale mabasi marefu ya zamani ya UDA, shirika la usafiri la Dar, hilo ndo litakuwa geti la paki. Lipake rangi, lifunge chini lisitembee, weka usukani unaozunguka na honi. Kila mtoto apewe zamu ya kuwa konda, aning'inie mlangoni agonge bati apige kelele Posta Posta Kariakoo, arudishe chenji za karatasi, agombane na abiria. Mtoto gani wa Dar hajawahi kuitamani hiyo kazi, na mzazi gani atamruhusu nje? Na wababu watasimama pembeni wanawahadithia wajukuu walivyokuwa wanagombania kupitia dirishani, umepata biashara ya vizazi vitatu kwa gari la chuma chakavu.

Tena tusidharau vitu vya bei rahisi. Jumatatu yake tulienda kwa shangazi yao Kigamboni, tukavuka na pantoni, shilingi 200. Wale watoto walipiga kelele kwenye pantoni kuliko siku nzima ya Idi.

Mengine ya haraka haraka hayahitaji bilioni. Karatasi getini: leo gurudumu halifanyi kazi, kabla sijalipa, sio baada. Turubai mbili tatu kesho asubuhi wakati mnapanda miarobaini na mikungu, hiyo haichelewi, miaka mitatu minne mtakaa chini yake. Hotpoti ziruhusiwe, mtauza soda zaidi maana chapati inahitaji kitu cha kushushia. Na pesa ya mwaka huu msinunue mashine mpya jamani, nilimsikia meneja anasema wanaleta rola kosta kutoka China mwakani, nikamwambia mdogo wangu, una magari sita yamekufa na fundi mmoja mwenye filimbi, hilo rola kosta atalisukuma nani? Akacheka ila aliinama. Ajirini mafundi wawili na mnunue spea kwanza.

Gurudumu liwe la mwaka wa pili, mkiwa na hela ya kumleta fundi anayelijua kweli kweli akague bolti moja moja, hapo sitaki haraka, kule juu wanapanda watoto wa watu. Na kwa kulifunga bila kulitengeneza kienyeji nawapongeza, kosa ni kunyamaza tu.

Wahudumu: vijana wazuri, wana salamu. Vyoo: safi, nashangaa lakini ni safi. Muziki: spika moja inakoroma, mngeizima.

Tulipotoka jioni hamna mtoto aliyemaliza kadi. Mwanangu wa mwisho ana miaka mitano, alipata matatu tu, magari ya kugongana, bembea na hicho kijiji, treni ilikuwa haijapata dizeli mpaka tunaondoka. Kadi yake kaiweka kwenye begi la shule kwenye mfuko wa mbele. Juzi kaniuliza ile 1 na ile 3 anaenda kuzipanda lini, nikageuza kadi kuangalia nyuma, imeandikwa kwa muhuri: mwisho leo.

Sijamsomea.