Uzoefu wangu: nilivyomlipa mwongozaji wa peke yetu kwenye magofu ya Ostia Antica, mimi na mama

Naandika hii kwa sababu mi mwenyewe nilipokuwa natafuta nilikosa kabisa mtu aliyeandika kwa Kiswahili, na zile riviu za Wazungu zote zinasema pazuri, pazuri, usikose, ila hakuna anayekuambia kama mama wa miaka 68 mwenye goti bovu anaweza kutembea kule bila kurudi amebebwa.

Ilikuwa hivi. Mimi naishi Ujerumani, mama akaja kunitembelea kutoka Moshi mwezi wa nne, na kabla hata hajafungua begi akasema yeye hizo Stuttgart hazimhusu, anataka kwenda Roma. Sawa, tukaenda. Siku ya kwanza nikafanya kosa la kubana hela, nikatukatia nafasi kwenye grupu la Colosseum, ule uwanja mkubwa wa Warumi wa kale, watu kama ishirini na tano hivi mnafuata bendera, kila mtu na kidude sikioni. Aisee. Mwongozaji anatembea kama anawahi basi la mwisho, mama akisimama kupumzika kidogo tu sauti inaanza kukwaruza sikioni halafu inakatika, tunainua macho bendera haipo. Tulimaliza ile ziara tumekaa kwenye kivuli sisi wawili tunakula machungwa. Mama hakulalamika, lakini usiku akaniuliza, "Sasa pale walikuwa wanafanya nini hasa?" Nikajua hela imeenda na maji.

Kwahiyo kesho yake nikaamua liwalo na liwe, nalipia mtu wa peke yetu. Euro 240 kwa saa tatu, tiketi za kuingilia hazimo humo, unajilipia mwenyewe getini. Najua, najua. Ni kama laki saba ya nyumbani. Mama nikamwambia ni euro 60. Naomba tusihukumiane.

Kwa nini Ostia, ile bandari ya kale ya Warumi nje kidogo ya Roma, na sio Pompeii, magofu mengine ambako kila mtu anaenda? Kwanza Pompeii ni mbali, mpaka Napoli na treni ya mwendo kasi halafu ubadilishe treni nyingine, kwa goti lile ningekuwa natafuta matatizo. Pili, na hii ndo sababu yenyewe, jumuiya ya mama kule Kibosho ni ya Mtakatifu Monika, na Monika alifia Ostia mwaka 387, akiwa na mwanae Augustino wanasubiri meli ya kuwarudisha Afrika. Walikuwa watu wa kwao Thagaste, upande wa Algeria ya leo. Mama alikuwa anaijua hadithi yote ila hakuwahi kujua kwamba huo mji bado upo na unafikika kwa treni.

Kufika ni rahisi mno. Unaenda na metro mpaka Piramide, hapo hapo pembeni kuna stesheni ya Porta San Paolo, unapanda treni inayoenda Lido, tiketi ni ile ile ya kawaida ya mjini ya euro 1.50, kama nusu saa unashuka Ostia Antica. Unavuka daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kubwa, unanyoosha mbele dakika chache umefika. Jumatatu wanafunga, usije ukaenda siku hiyo. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure ila mtajaa.

Mwongozaji tulimkuta getini anatusubiri, kijana wa miaka thelathini na kitu, kasomea akiolojia, kitambulisho cha leseni kinaning'inia shingoni (mkichukua mtu muulizie hicho kitambulisho). Namwita mwongozaji maana neno lenyewe la Kiingereza ni "guide", na kwa ile njia yetu ya kulitamka, mkisikia nimelipa gaidi euro 240 mtaita polisi.

Nusu saa ya kwanza, niseme ukweli, nilijuta. Kijana alikuwa na faili lake la picha, akaanza na wafalme, huyu alimuua huyu, huyu akamrithi yule, mi natafsiri kutoka Kiingereza huku jua linapanda, mama anaitikia "ehee, ehee" ile ya mtu aliyekaa msibani hamjui marehemu. Tukiwa tumesimama kwenye barabara kuu ya mji, Decumanus Maximus wanaiita, imetandikwa mawe makubwa meusi ya volkano na mengine bado yana michirizi ya magurudumu ya mikokoteni, mama akanivuta mkono akasema, "Hebu muulize huyu mwanangu, hao watu walikuwa wanakula wapi?"

Nikatafsiri. Kijana akacheka, akafunga faili, akaliweka kwenye begi, na halikutoka tena mpaka tunaagana. Akasema basi tunaanza upya. Hapo ndo nilipoanza kuona hela yangu inafanya kazi, kwa sababu na lile grupu la bendera usingethubutu hata kuuliza hilo swali.

Akatupeleka kwanza kwenye kiwanda cha mikate. Yamesimama mawe ya kusagia, marefu kuliko kiuno, ya mawe meusi hayo hayo, yalikuwa yanazungushwa na punda, na sakafu imetandikwa mawe ya barabarani makusudi ili kwato zisiichimbe. Mama akauliza punda walikuwa wanafungwa macho? Kijana akasema ndiyo, mara nyingi walifungwa ili wasipate kizunguzungu. Mama akatikisa kichwa, "Maskini."

Halafu ile mitaa yenyewe. Nilikuwa nadhani mji wa kale ni nguzo na masanamu, kumbe Ostia ni maghorofa ya matofali, ya kupanga, yalikuwa yanaenda ghorofa tatu nne, chini ni fremu za biashara zimepangana barabara nzima na juu wapangaji. Nikamwambia mama hii ni Kariakoo. Kijana akasema aliyekaa chini ndo mwenye hela, kadiri unavyopanda juu ndo unavyozidi kuwa maskini, maji unabeba mwenyewe kwa ngazi na moto ukitokea we ndo wa mwisho kutoka.

Sasa kwenye mtaa unaoitwa wa Diana ndo kuna mgahawa. Hapa nisimame kidogo. Mama yangu amepika chakula karibu na stendi ya Moshi zaidi ya miaka ishirini, mtori, ndizi nyama, chapati, sisi wote wanne tumesomeshwa na zile sufuria. Akakuta kaunta ya marumaru ipo mlangoni kabisa, rafu za ngazi ngazi za kupangia vyombo, ukutani juu yake mchoro wa vyakula umebaki na rangi zake, nyuma kauwanja kenye chemchemi ambako wateja walikaa wakale. Kijana akafungua mdomo aanze kuelezea, mama akamwinulia mkono. Akazunguka taratibu, anaangalia. Akasema kaunta iko mlangoni ili anayepita asinunue kwa jirani. Akasema picha ya ukutani ni ya wale wasiojua kusoma. Akainama na goti lake lile lile, akaonyesha vibeseni viwili vidogo chini ya kaunta, "Na hapa alikuwa anaosha vyombo." Nikatafsiri, kijana akanitazama mimi, akamtazama mama, akasema ndivyo hivyo wataalamu wanavyodhani. Tulikaa pale karibu nusu saa. Swali la mama la mwisho lilikuwa kodi ya pango ilikuwa shilingi ngapi, na hilo lilimshinda.

Choo cha umma nacho msikikose. Ni chumba kimoja, benchi la marumaru limezunguka ukuta, matundu yamepangana kama ishirini, hakuna kizuizi chochote kati ya mtu na mtu, chini maji yanapita. Walikuwa wanakaa wanapiga stori. Kijana akaeleza na habari ya sponji iliyofungwa kwenye kijiti, mi nikagoma kutafsiri, lakini alifanya kwa ishara, mama akacheka mpaka akatafuta pa kushika.

Nyuma ya jukwaa la maonyesho kuna kiwanja kikubwa kimezungukwa na vyumba kama sitini vilivyokuwa ofisi za wasafirishaji, na mbele ya kila chumba sakafuni kuna mchoro wa vijiwe vyeusi na vyeupe unaokuambia humu ni biashara gani: meli, mnara wa taa, kipimo cha nafaka. Ni mabango ya dukani, ila ya kukanyaga. Ngano ya kulisha Roma ilikuwa inatoka Misri na Afrika ya Kaskazini, inashukia huku inapanda na mto Tiber kwenda mjini (Ostia ni mdomo wa mto kwa Kilatini chao). Humo kuna ofisi ya watu wa Carthage, Tunisia ya leo, na kuna ya watu wa Sabratha, Libya ya leo, wao wameweka tembo. Kijana akasimama pale akatuonyesha kwa furaha, "Afrika!" Mi nikamwambia sisi tunatoka mbali zaidi ya hapo, lakini Form One tulifundishwa kwamba mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza waliandika habari za bandari inaitwa Rhapta, huko kwetu, pembe za ndovu zinatoka pale zinapita Bahari ya Shamu mpaka Misri na kwa Warumi. Hakuwahi kulisikia. Akatoa simu akaniomba nimtajie herufi. Mwalimu wangu wa historia, popote ulipo, umesikia hiyo.

Bahari yenyewe usiitafute, haipo. Mto umejaza matope miaka yote hiyo mpaka ufukwe umesogea kama kilomita tatu, na mwaka 1557 mafuriko yakauhamisha hata mto wenyewe. Ndo maana mji ulibaki, hakuna aliyekuwa anautaka.

Sasa kero. Moja, kutafsiri kunakula muda vibaya, ukiwa na mtu asiyejua lugha ya mwongozaji hesabu kwamba saa tatu ni saa moja na nusu. Yeye alituongezea karibu saa nzima bila kudai kitu, ila msitegemee hilo. Mbili, hakuna vivuli vya maana, na yale mawe yanaumiza nyayo, vaa raba zenye soli nene, hizo sandozi acheni hotelini. Mambo mengine mama hakuyaona, ile michoro ya mungu wao wa bahari kwenye bafu inatazamwa kutoka juu na ngazi zilimshinda. Tatu, na hii iliniudhi kweli, kampuni niliyolipia onlaini iliandika kwamba ziara inaishia kwenye kanisa la Mtakatifu Aurea, ndilo lenye habari ya Monika, liko ng'ambo ya magofu kwenye kijiji kidogo cha pembeni ya ngome. Kijana akasema kwake hawajamwambia, akatusindikiza hata hivyo, tukakuta pamefungwa, mchana wanapumzika. Hakuna aliyewaza kuangalia saa. Niliwaandikia kampuni, wakajibu baada ya siku nne, pole nyingi, hela hapana.

Tukaagana na kijana, tukakaa kwenye benchi mpaka saa kumi kasoro walipofungua. Ndani, ukutani, kuna kipande cha jiwe la kaburi la Monika. Mabaki yake yalishahamishiwa Roma mwaka 1430, na watu walikuwa hawajui jiwe liliko, mpaka 1945 vijana wawili walipokuwa wanachimba shimo la nguzo ya mchezo pembeni ya kanisa wakaligonga. Ni kipande tu, maandishi yamekatika. Mama akatoa rozari. Mi nikakaa nyuma.

Alipomaliza nikamkumbushia yale maneno ya Monika kabla hajafa, kwamba mwili wangu zikeni popote, msihangaike nao, nikumbukeni tu altareni. Mama akanikata jicho. "Yeye alikuwa mtakatifu. Mimi unirudishe Kibosho."

Kwenye treni ya kurudi kavua viatu, miguu kaipandisha kwenye kiti cha mbele, akaniuliza tena yule kijana nilimlipa ngapi. Nikasema si nilikwambia mama, sitini. Akanyamaza stesheni mbili nzima. Halafu akafungua ncha ya kitenge, akatoa noti ya ishirini niliyompa ya kununulia zawadi, akanipa.

"Mtumie huyu mtoto wa watu. Umempunja."