Hanna HI736: kipimo cha fosfati kwa mfugaji wa matumbawe

Tumbawe likigeuka kahawia, wengi hukimbilia chupa za kuongeza rangi. Aghalabu kiini cha tatizo ni fosfati, na fosfati haionekani kwa macho. Ukahawia huo hutoka kwa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe. Virutubishi kama fosfati vikizidi, au mwanga ukiwa hafifu, mwani huo huongezeka na kufunika rangi ya tumbawe lenyewe. Virutubishi vikiisha kabisa, tumbawe hupauka. Kwa hiyo kabla ya kutia chochote kwenye tangi, pima, na kwa viwango vya chini HI736 inastahili pesa yake.

Ni kifaa cha kushika mkononi kinachotumia betri moja ya AAA. Unga wake huyafanya maji yawe ya buluu kulingana na kiasi cha fosfati, kisha kifaa hupima mwanga unaopita. Vipimo vya matone navyo hugeuza maji kuwa buluu, ila hapo jicho lako ndilo linaloamua ipi ni buluu hafifu na ipi ni hafifu zaidi. Chini ya taa za buluu za tangi, hilo haliwezekani.

Suuza kichupa cha kifaa kwa maji ya tangi, tia mililita 10, funga, pangusa kwa kitambaa laini, ingiza, bonyeza ili kisome sifuri. Kifaa kikionyesha C2, yaani sifuri imeshasomwa, toa kichupa, mimina unga wote wa pakiti moja, funga na utikise taratibu kwa dakika 2. Rudisha, bonyeza bila kuachia hadi saa ianze kuhesabu dakika 3 kurudi nyuma.

Majibu mengi ya ajabu huzaliwa kwenye hatua ya unga. Punje zikibaki kwenye mikunjo ya pakiti, jibu huwa si la kuaminika. Zikielea bila kuyeyuka, huzuia mwanga na jibu hupanda. Viputo navyo hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo usitikise kwa nguvu, na gonga kichupa kidogo kabla ya kukirudisha. Alama ya kidole kwenye kioo inatosha kuharibu kipimo. Tumia kichupa kilekile kwa sifuri na kwa jibu, kikiwa kimeelekea upande uleule. Ukimaliza, suuza kwa maji yaliyosafishwa, bila sabuni.

Udhaifu wa kifaa ni kwamba kinasoma fosforasi, si fosfati, tena kwa ppb (sehemu kwa bilioni). Ili kupata fosfati kwa ppm (sehemu kwa milioni), zidisha kwa 3.066 kisha gawa kwa 1000: 20 ppb ni sawa na 0.061 ppm. Usahihi wake ni ±5 ppb na ±5% ya namba iliyosomwa, hivyo kutoka 12 hadi 15 si badiliko. Mwisho wake ni 200 ppb. Tangi likizidi hapo, changanya maji yake nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, kisha zidisha jibu kwa 2.

Kwa matumbawe magumu ya matawi, 0.03 hadi 0.10 ppm ni masafa mazuri, nitrati ikiwa kati ya 2 na 10 ppm. Fosfati ikizidi, tumia chembe za oksidi ya chuma, ambazo huinasa, lakini anza na nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kopo na upime kila baada ya siku mbili. Fosfati ikishushwa ghafla, matumbawe hupauka na hata kuvuliwa nyama, hasara kubwa kuliko ukahawia wenyewe. Ikisoma 0, ongeza chakula cha samaki au punguza chembe. Maji yasiyo na virutubishi pia hukaribisha dinoflajelata, viumbe vidogo sana vinavyotanda tangini kama ute wa kahawia. Wakati huo alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) isipande: virutubishi vichache na alkalini ya juu huunguza ncha za matawi.

Kama fosfati iko sawa na tumbawe jipya bado ni kahawia, kagua taa, na usiipandishe nguvu kwa mkupuo mmoja. Rangi huchukua wiki kadhaa kurudi.