Kununua nyumba ya kupangisha karibu na vyuo vya Morogoro: maeneo manne, kuanzia lililo bora

Dalali wa Morogoro anapokupeleka kuona nyumba, jambo la kwanza atakalokuambia ni kwamba chuo kipo hapo tu, na kauli hiyo hupandisha bei kabla hata hujaonyeshwa bomba la maji. Ni kweli kwamba chuo huleta wapangaji, lakini huwaleta kwa msimu. Mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba na kumalizika Julai, kisha vyumba hubaki na vumbi mpaka wanafunzi warudi. Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba sita, kila kimoja kikipangishwa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Vikijaa mwaka mzima utapata shilingi 4,320,000, ilhali vikijaa miezi tisa tu utapata 3,240,000, kwa hiyo robo nzima ya mapato imeondoka na mabegi ya wanafunzi. Dalali hupenda kukutajia hesabu ile ya kwanza.

Kwa sababu hiyo, mpangilio ufuatao haukuzingatia umbali wa geti la chuo pekee. Swali lililotumika ni hili: huduma zilizo jirani zinahitajiwa na mwanafunzi peke yake, au pia na muuguzi, mwalimu na familia yenye watoto? Nyumba inayowafaa wote hawa hushikilia bei yake hata chuo kikifungwa.

Nafasi ya kwanza ni ya Mafiga na mitaa inayopakana na kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho watu wote huita SUA. Mwanafunzi huenda darasani kwa miguu, jambo linalompunguzia nauli ya bodaboda kila siku, na nauli hiyo aliyoiokoa ndiyo inayomwezesha kulipa kodi ya juu kidogo. Lakini uzito wa eneo hili uko kwingine: kuna kituo cha afya, daladala za mjini ni nyingi, na Soko Kuu la Chifu Kingalu pamoja na hospitali ya mkoa haviko mbali, hivyo mtumishi asiyehusika na chuo kwa lolote atapanga hapa bila kusita. Mafiga pia ndipo ulipo mtambo wa kusafisha maji yanayotoka Bwawa la Mindu. Usidhani, hata hivyo, kwamba kukaa jirani na mtambo ni sawa na kuwa na maji bombani. Fungua bomba mwenyewe, tena mchana, na uwaulize wapangaji waliopo maji hutoka siku ngapi kwa wiki. Bei za hapa ziko juu, na viwanja vilivyopimwa ni vichache, lakini nyumba ya hapa ikiingia sokoni haikai muda mrefu.

Ya pili ni Kihonda, na hapa najua baadhi ya wasomaji watabisha, kwa kuwa SUA iko mbali. Hoja ni kwamba Kihonda haitegemei chuo kimoja. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro na stendi kuu ya mabasi ya Msamvu viko upande huo, eneo la viwanda lina wafanyakazi wanaopanga mwaka mzima, na tangu Juni 2024, treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, safari ya kwenda Dar imekuwa ya chini ya saa mbili. Stesheni ya treni hiyo imeongeza aina ya mnunuzi ambaye zamani hakuwapo, yaani mtu mwenye shughuli zake Dar anayetaka kuishi kwenye hewa ya milima ya Uluguru. Kasoro ya Kihonda ni maji. Mgao umekuwa kero ya miaka mingi, kwa hiyo nyumba yenye kisima kinachotoa maji yanayofaa, au angalau simtanki kubwa lililoinuliwa vizuri, ina haki ya kuuzwa ghali kuliko jirani yake, na isiyo navyo ipunguziwe bei kwa kiasi cha gharama ya kuvijenga.

Mazimbu ni ya tatu. Kampasi ya Solomon Mahlangu ya SUA, iliyokuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini hadi ilipokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, imeleta wanafunzi wengi, na mitaa yake ni tulivu. Inafaa kwa mwenye subira.

Changarawe, kilipo Chuo Kikuu cha Mzumbe, nimeiweka mwisho, ingawa ndiko ambako chumba hujazwa kwa haraka zaidi muhula unapoanza. Kiko zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, tena nje kidogo ya barabara kuu ya Iringa, na karibu kila biashara iliyopo, kuanzia duka la kuchapisha kazi hadi mama lishe, inamtegemea mwanafunzi. Chuo kikijenga bweni, kila kitanda kipya ndani ya geti ni mpangaji mmoja aliyepungua nje. Fikiria kwamba mabweni yaliyofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017 yalikuwa na nafasi 3,840 kwa mkupuo mmoja. Zaidi ya hayo, Changarawe iko wilaya ya Mvomero, na sehemu ambayo bado ni ardhi ya kijiji huongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo utaratibu wake wa kuhamisha milki hupitia halmashauri ya kijiji. Karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti peke yake haitoshi.

Popote utakapochagua, nenda mara mbili: Agosti, uone vyumba vingapi vimebaki wazi, na usiku wa Ijumaa wakati wa masomo, usikie muziki wa baa ya jirani, kwa maana baa hiyo humvutia mwanafunzi na kumfukuza mwenye mtoto mchanga. Kama kuna mto au korongo linaloshuka kutoka mlimani, pima mita 60 ambazo sheria ya mazingira inakataza kujengwa kabla hujajadili bei. Kisha omba upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya ardhi, na ikiwa muuzaji ana mwenzi wa ndoa, ridhaa ya mwenzi huyo iandikwe na kusainiwa siku ileile ya mkataba, kabla fedha haijatoka mkononi mwako.