Losheni ipi ununue? Tazama mdomo wa chombo kabla ya jina

Malalamiko ya wasomaji kuhusu losheni yanafanana. Mtu ameacha aliyoizoea, amenunua iliyoandikwa "haina paraben" (kundi la vihifadhi, yaani kemikali zinazozuia losheni isioze) kwa herufi kubwa, na wiki chache baadaye ama losheni imeanza kunuka na kujitenga maji juu, ama shingo na kope zinawasha na kuchubuka. Akimrudia muuzaji anaambiwa ngozi "inajisafisha". Ngozi haijisafishi kwa kuvimba. Kilichotokea kina sababu, na mara nyingi sababu hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye chupa kabla hajailipia.

Harufu, rangi na ulaini naviacha, kwa kuwa hivyo kila mtu anavipima kwa mkono wake. Hapa losheni na krimu nimezipanga kwa swali moja: ni nini kinachozizuia zisioze, na je, chombo kinakisaidia kihifadhi hicho au kinakielemea?

Kasoro ambayo wanunuzi hawaitazami

Losheni nyingi ni maji kwa zaidi ya nusu. Palipo na maji na mafuta, bakteria, hamira na ukungu hustawi, na baadhi yao si wa kuchezea: Pseudomonas aeruginosa akifika kwenye jicho lenye mkwaruzo anaweza kuharibu kioo cha jicho. Kwa hiyo kihifadhi si uchafu uliotiwa kwa uzembe wa kiwanda. Losheni yenye maji isiyo na kihifadhi chochote ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Viwanda hupima kihifadhi kwa kutia vijidudu vingi kwenye sampuli na kuhesabu vilivyobaki hadi siku ya 28. Kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 11930, ili bidhaa ipate daraja la juu, bakteria lazima wapungue mara 1,000 ndani ya siku 7 na wasiongezeke tena. Ni jaribio zuri, lakini vijidudu hutiwa mara moja tu. Kopo la mdomo mpana linaingizwa vidole kila siku, mara nyingi vikiwa na maji ya kuoga, na kifuniko kinabaki wazi hadi mtu amalize kujipaka miguu. Mtengenezaji anayeuza losheni kwenye kopo kama hilo ana njia mbili: atie kihifadhi karibu na ukomo unaoruhusiwa, au akubali kwamba itaharibika mikononi mwako. Mzigo ni wako kwa vyovyote.

Basi chagua tyubu yenye tundu dogo, au pampu. Pampu nazo zinatofautiana. Ile yenye mrija mrefu unaozama ndani huvuta hewa kila ukiibonyeza. Ile isiyovuta hewa haina mrija. Ina kisahani kinachopanda kutoka chini kadiri losheni inavyopungua, na ukigeuza chupa utaona kitundu kidogo kwenye kitako. Hii ya pili ndiyo bora. Ukilazimika kununua kopo, tumia kijiko kidogo kikavu, usitumie kidole.

Na tafadhali, losheni ikibaki kidogo chini ya chupa usiongeze maji utikise. Kihifadhi kilichopimwa kwa asilimia 1 kinakuwa nusu ukiongeza maji kiasi kile kile, na maji ya bomba yameleta wageni wapya. Kata chupa, toa kilichobaki, maliza siku hiyo hiyo au ya pili.

Nafasi ya kwanza: kisicho na maji

Nasema wazi kwamba nina upendeleo. Kwa ngozi kavu, kwa mtoto na kwa mwenye ukurutu, chaguo langu ni Vaseline ile ya awali, Original. Orodha yake ya viambato ni neno moja: petrolatum. Hakuna maji, kwa hiyo vijidudu havina pa kuzaliana, na kihifadhi hakihitajiki kabisa. Hata kopo lake pana nalisamehe, ilimradi mkono uwe mkavu. Kosa la wengi ni kuipaka kwenye ngozi iliyokauka, kisha kulalamika kwamba inanata bila kulainisha. Haileti maji, inayafungia yaliyopo. Ipake ndani ya dakika 3 hivi baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado ina unyevu. Angalia pia usichukue yenye manukato (neno "parfum" litakuwepo), wala losheni za jina hilo hilo ukidhani ni kitu kimoja. Losheni zake zina maji na vihifadhi kama nyingine.

Siagi ya shea na mafuta ya nazi ziko kundi hili pia, ila huchacha kwa hewa na mwanga. Vitamini E, "tocopherol", huchelewesha kuchacha huko. Haiui bakteria, na anayekuambia ni kihifadhi cha losheni yake ya maji anakupotosha.

Nafasi ya pili: ndiyo, parabeni

Hapa wengi watashtuka. Hofu kubwa ilianza mwaka 2004, watafiti wa Uingereza walipokuta parabeni kwenye sampuli 20 za uvimbe wa saratani ya matiti. Utafiti huo haukulinganisha na tishu zisizo na saratani, na haukuonyesha kwamba parabeni ndizo zilizosababisha ugonjwa. Lakini si kwamba hakuna swali lolote. Parabeni huiga homoni ya estrojeni kwa nguvu ndogo sana, na nguvu hiyo huongezeka kadiri mnyororo wa molekuli unavyorefuka: methyl ni dhaifu zaidi, kisha ethyl, propyl, butyl.

Sheria ya Umoja wa Ulaya imefuata ngazi hiyo hiyo. Methylparaben na ethylparaben zinaruhusiwa hadi asilimia 0.4 kila moja. Propylparaben na butylparaben zilipunguzwa mwaka 2014 hadi asilimia 0.14 kwa jumla yake, na zikakatazwa kwenye bidhaa zinazoachwa kwenye sehemu ya nepi kwa watoto chini ya miaka 3. Isopropylparaben, isobutylparaben, phenylparaben, benzylparaben na pentylparaben zilipigwa marufuku kabisa. Kwa hiyo soma mwanzo wa neno, usiishie kuona "paraben". Methyl na ethyl kwenye pampu: nunua. Propyl au butyl kwa mtoto wa nepi: acha.

Kwa upande wa mzio, chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia mzio wa ngozi, American Contact Dermatitis Society, mwaka 2019 kiliziteua parabeni kuwa "kisicho kizio" cha mwaka (kizio ni kitu kinacholeta mzio). Walichosema ni kwamba ni nadra mno kuleta mzio, na kukimbia kwetu kulitupeleka kwenye mabaya zaidi.

Nafasi ya tatu

Kihifadhi phenoxyethanol, ukomo asilimia 1, mara nyingi ikiwa na ethylhexylglycerin. Haina matata kwa watu wengi. Ina faida nyingine kwa mnunuzi: viambato vya zaidi ya asilimia 1 huandikwa kwa kushuka, na vya chini ya hapo hupangwa vyovyote. Ukiona mafuta ya mlozi yaliyochorwa mbele ya chupa yameandikwa baada ya phenoxyethanol, ujue hayazidi asilimia 1. Inauma kuona bei ikipandishwa kwa mchoro wa mlozi.

Mwenye ngozi inayokataa kila kitu anaweza kutafuta krimu tasa (zisizo na vijidudu) za Avène za kundi la Tolérance. Hazina vihifadhi, na zinalindwa na mdomo maalumu usioruhusu hewa wala vijidudu kurudi ndani. Hapo chombo ndicho kihifadhi.

Nafasi ya nne: za "asilia"

Vihifadhi sodium benzoate na potassium sorbate ni salama, tatizo ni kiwango cha asidi cha losheni, yaani pH (namba ikipanda, asidi imepungua). Benzoate hufanya kazi ikiwa katika umbo la asidi. Kwenye pH 4.2 nusu yake iko katika umbo hilo. Kwenye pH 5 imebaki kama asilimia 14. Kwenye pH 6 haifiki asilimia 2. Losheni nyingi za kutengenezwa nyumbani ziko karibu na 6 au juu yake, ndiyo maana zinaota ukungu ilhali kihifadhi kimo. Muulize muuzaji pH. Asiyeijua bidhaa yake asikuuzie.

Dondoo ya mbegu za balungi nayo inasifiwa kama kihifadhi cha mimea. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba nguvu ya dondoo nyingi za sokoni ilitoka kwenye kemikali za viwandani kama benzethonium chloride, si kwenye balungi.

Za kurudisha kwenye rafu

Zenye vihifadhi vinavyoachilia formaldehidi: DMDM hydantoin, imidazolidinyl urea, diazolidinyl urea, quaternium-15. Formaldehidi ni kizio kinachojulikana vizuri, na quaternium-15 imeshapigwa marufuku Ulaya.

Mbaya kuliko zote kwenye losheni ni methylisothiazolinone na ndugu yake methylchloroisothiazolinone. Makampuni yalipokimbia parabeni, mengi yaliingia hapa. Mzio ukaongezeka kiasi kwamba chama kile kile cha Marekani kiliiteua methylisothiazolinone kizio cha mwaka 2013, na tangu Februari 2017 Ulaya imeikataza kwenye bidhaa zote zinazoachwa kwenye ngozi. Kwenye shampuu na sabuni inaruhusiwa hadi asilimia 0.0015. Ukiiona kwenye losheni au kitambaa chenye unyevu cha mtoto, irudishe. Aliyepata mzio huu anaweza kuwashwa hata na rangi mpya ya ukuta, kwa sababu imo humo pia.

Za kupimiwa kutoka kwenye galoni: hazina orodha ya viambato, na kila chombo kinachochotea kimeingiza kitu. Sizipangi. Vivyo hivyo chupa ambayo stika imebandikwa juu ya orodha. Muuzaji anayeficha maandishi hayo amekunyima kitu pekee kinachoweza kukulinda.

Kabla ya kujipaka mwili mzima

Paka kiasi kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, eneo la ukubwa wa sarafu, mara mbili kwa siku kwa siku 7 mfululizo. Siku moja haitoshi. Mzio wa vihifadhi mara nyingi hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu, na dozi moja inaweza kupita kimya. Usifanye hivi kwa shampuu au sabuni, maana hizo zikiachwa zinaunguza ngozi ya yeyote. Vipele vikitokea, acha kupaka lakini usitupe chupa. Daktari wa ngozi akikufanyia kipimo cha kubandika mgongoni, bandiko hutolewa baada ya saa 48 na kusomwa tena siku moja au mbili baadaye, naye atahitaji orodha iliyo kwenye chupa hiyo ili ajue kizio kipi kinahusika.