Maoni kuhusu huduma ya wagonjwa wa kiharusi, Mbeya
Baba mkubwa alilazwa katika hospitali moja binafsi jijini Mbeya baada ya mshipa wa ubongo kuziba, na ninachowasifia wauguzi ni kwamba nafuu ya siku ya kwanza haikuwalegeza, kwa kuwa ndani ya saa 72 za mwanzo hali huweza kubadilika ghafla, ama kwa kuziba kuongezeka, ubongo kuvimba, au damu kuvujia ndani yake. Walimrudia mara kwa mara wakimtaka anyanyue mikono yote miwili. Wa kulia ulipoanza kushuka usiku, alipimwa sukari papo hapo na kurudishwa kwenye CT scan. Kasoro ni kwamba ndugu walioleta uji (nani huenda kumwona mgonjwa mikono mitupu?) hawakuelezwa mapema kwamba haruhusiwi kulishwa kabla ya kupimwa uwezo wa kumeza. Gharama ni kubwa, ila risiti huchanganua kila kipimo.