Fondanti ya ndoo kwenye joto la Dar: uzoefu wangu wa kufunika keki ya bethidei

Maelekezo yaliyobandikwa kwenye ndoo ya fondanti, lile donge laini la sukari linalosukumwa kama chapati na kufunikia keki, niliyonunua Kariakoo yameandikwa na mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye jiko la Temeke mwezi wa pili. Yanasema kanda hadi iwe laini kabisa, nyunyiza sukari ya aisingi mezani, ikikauka ongeza gliserini, na keki ikishafunikwa iweke mahali pa baridi. Nimeshaitumia ndoo ya aina hii kwa keki kadhaa za nyumbani, ya karibuni ikiwa ya bethidei ya mtoto wa dada yangu, na katika hayo manne hakuna ninalolifuata kama lilivyoandikwa. Fondanti yenyewe lakini sina ugomvi nayo. Ni nzuri, na nitainunua tena.

Kampuni siitaji, kwa sababu nimeshashika na za kampuni nyingine na tabia zake ni zilezile. Karibu zote zinatoka nje, na nyingi zimepangiwa hewa ya huko.

Kwanza nilisoma lebo, na hapo ndipo iliponipendeza. Kuna sukari, sharubati ya glukosi, mafuta ya mawese, maji, gliserini iliyoandikwa E422, gundi ya E413 na kihifadhi cha E202. Jelatini hakuna. Kwa sherehe yetu hilo lilikuwa jambo kubwa, maana nusu ya wageni ni Waislamu, na jelatini nyingi inayouzwa duniani hutokana na ngozi ya nguruwe. Usidhani kila ndoo iko hivyo. Geuza, soma, na kama lebo imefunikwa na stika ya bei, mwombe muuzaji aibandue.

Fondanti ya kujitengenezea kwa mashimelo, zile peremende laini kama sponji, naijua pia: gramu 450 za mashimelo, vijiko viwili vya maji, unayeyusha, unakandia sukari ya aisingi karibu gramu 900. Utamu wake unaishinda ya ndoo, sitabisha. Lakini mashimelo ya halali mpaka uyatafute, mikono inanata hadi kwenye viwiko, na kwa joto letu inavutika mno. Unaiweka juu ya keki imekaa vizuri, ukigeuka ukarudi imeshateremka na kujikusanya chini. Kwa kukatia maua madogo au herufi za jina nitaitumia. Kufunikia keki nzima, hapana.

Sasa joto, maana ndilo linaloamua kila kitu. Gliserini imewekwa humo kwa kazi moja, kushika maji ili fondanti isikauke. Huko inakotengenezwa, nyumba wakati wa baridi hupashwa moto na hewa ya ndani inakuwa kavu, kwa hiyo gliserini inaokoa. Huku kwetu hewa yenyewe imelowa. Sukari inavuta maji, gliserini inavuta maji, na wewe unaongeza mikono yenye joto inayolainisha mafuta ya mawese yaliyomo. Ukikanda hadi iwe laini kabisa kama ndoo inavyotaka, utaishia na kitu kinacholegea ukikinyanyua na kuchanika kwa uzito wake. Mimi nakanda kwa muda mfupi tu, hadi mabonge yaishe na rangi ikolee sawasawa, kisha naacha.

Muuzaji aliniambia, "Dada, ukiona inanata ongeza aisingi tu." Ushauri huo umeharibu keki nyingi za watu. Aisingi inakausha kwa muda, unafurahi, halafu inaanza kuvuta unyevu wa hewa na kunata upya, huku ndani imekuwa ngumu na inamong'onyoka kwenye kona. Kinachosaidia kweli ni CMC, ule unga mweupe wa kukazia fondanti unaouzwa kwenye vikopo vidogo palepale zinapouzwa rangi za keki. Nusu kijiko cha chai kwa gramu 500 za fondanti, unakandia, unafunga kwa nailoni ya jikoni na kuiacha itulie saa moja au zaidi. Usiitathmini kabla ya hapo. CMC haifanyi kazi papo hapo, na mtu mwenye haraka huongeza tena na tena mpaka anapata kitu kigumu kisichosukumika.

Mezani natumia konfulawa, yaani wanga wa mahindi, badala ya aisingi. Konfulawa haiyeyuki kwa unyevu, aisingi inayeyuka na kuwa gundi. Naifunga kwenye kitambaa chepesi na kugongagonga, ili itoke kama vumbi tu. Ikizidi, nayo inaleta shida yake: uso wa fondanti unakauka, na ukiikunja kwenye ukingo wa keki unatokea mtandao wa nyufa ndogondogo. Nyufa hizo zinatibika zikiwa bado changa. Chukua Kimbo kidogo sana kwenye ncha ya kidole, sugua kwa mzunguko hadi joto la kidole lizibe ufa, kisha pitisha kipasi cha plastiki cha kulainishia. Ukichelewa, ngozi ikishajenga, utasugua hadi alama za vidole ziwe mbaya kuliko ufa wenyewe. Funika kwa ua au utepe uendelee na maisha.

Kipimo ndicho kinachowachanganya wengi, na ndoo haisemi chochote. Keki ya mviringo yenye upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 10 inahitaji duara la sentimita 40, yaani upana pamoja na kimo cha pande zote mbili, na mimi naongeza 5 za kukata pembeni. Kwa unene wa milimita 3 hadi 4 hiyo ni karibu gramu 750. Ndoo ya kilo moja inatosha na inabaki ya kutengenezea mapambo. Chini ya milimita 3 utaona kila kasoro ya keki, na ikigusa kona inachanika. Ukizidisha sana, watoto watabandua na kuiacha pembeni ya sahani, na kusema kweli siwalaumu.

Ule mti wetu wa kusukumia chapati haufai kwa duara kubwa hivyo. Mwingi ni mfupi na una tumbo katikati, kwa hiyo fondanti inakuwa nyembamba katikati, mahali penyewe panapokaa juu ya keki. Tafuta mrefu ulionyooka. Huu ndio ununuzi mwingine pekee ninaousisitiza; zile seti za vifaa ishirini vyenye vijiti vya kila rangi ziache dukani.

Lakini fondanti inalaumiwa kwa makosa ambayo si yake. Kinachoamua kama itakaa vizuri ni kilicho chini. Krimu ya kupiga, ile nyeupe inayopendwa kwenye keki za mitaani, ina maji mengi, na fondanti ikikaa juu yake inayeyuka kutoka ndani, unaona madoa yanayong'aa halafu mashimo. Batakrimu ya siagi inakwenda vizuri mahali penye ubaridi, ila siagi inaanza kuyeyuka ikifika nyuzi 32 au zaidi kidogo, na jiko langu saa saba mchana liko hapohapo. Ndiyo maana mimi nimehamia kwenye ganashi, mchanganyiko wa chokoleti na krimu. Ya chokoleti nyeusi ni sehemu mbili za chokoleti kwa moja ya krimu, ya chokoleti nyeupe ni tatu kwa moja. Unapaka, unanyoosha, unaiacha usiku kucha igande. Asubuhi unakuta kuta zimekuwa ngumu na kona zimesimama. Unapitisha brashi yenye maji kidogo ili fondanti ishike, na kazi iliyobaki ni nusu ya ile ya batakrimu.

Keki yenyewe pia iwe na nguvu. Sponji nyepesi ya mayai inabonyea chini ya fondanti ya robo tatu ya kilo. Keki ya siagi, ya maziwa ya mgando au ya karoti inastahimili.

Wakati wa kufunika, usivute. Watu wengi wanaiweka juu halafu wanaivuta chini kama shuka la kitanda, na inachanika pale pale kwenye ukingo wa juu. Bana kwanza uso wa juu, kisha ukingo wote kuzunguka, kabla hujagusa ubavuni. Kunjo zikitokea chini, zifungue kwa mkono mmoja huku mwingine unabana taratibu kutoka juu kwenda chini. Ukiibana kunjo ikiwa imelala itabaki mstari ambao hakuna kipasi kitakachoufuta.

Malengelenge ya hewa ni rahisi kama yapo juu juu: sindano safi, uiingize kwa mshazari, kisha sukuma hewa itoke kuelekea tundu. Tofautisha na lile tumbo linalojitokeza ubavuni saa chache baadaye, mara nyingi usawa wa krimu ya katikati. Hilo linatokana na keki iliyokuwa haijatulia. Tabaka zinashuka, krimu na hewa vinasukumwa nje, na fondanti haina pa kupitishia ila kuvimba. Ukitoboa litapungua, na likirudi toboa tena mahali palepale, lakini dawa yake ni siku ya kabla: ukishapanga tabaka na krimu, funga keki kwa nailoni, weka juu sahani bapa yenye uzito kidogo, na uiache saa kadhaa kabla ya kupaka ganashi.

Nimeacha friji iwe mwisho kwa sababu ndipo penye mabishano. Ndoo inasema mahali pa baridi, na kila shangazi atakuambia weka kwenye friji isiharibike. Fikiria hivi: hewa yenye joto la nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 inaacha maji juu ya kitu chochote chenye joto la chini ya nyuzi 26 hivi. Friji iko nyuzi 4. Keki inatoka humo na kabla hujaifikisha mezani imeota matone, rangi inatiririka, na mapambo yanateleza. Hata chumba cha kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 22 kinatosha kuileta shida hiyo ukiitoa nje mchana. Ganashi na keki ya siagi vinavumilia kukaa nje usiku mmoja, kwa hiyo mimi nikishafunika siirudishi kwenye friji. Inakaa kwenye boksi la karatasi, chumba chenye feni, mbali na sufuria zinazochemka. Kama ndani kuna krimu au matunda yanayolazimu friji, iweke ikiwa ndani ya boksi lililofungwa, na ukiitoa usifungue boksi mpaka liache kuwa la baridi ukiligusa, ili maji yaishie kwenye karatasi. Ikishaloa, usifute. Washa feni, iache. Itakauka, na ukiigusa kabla ya hapo kidole chako kitabaki pale kwenye picha zote.

Safari nayo ina mambo yake. Kwenye bajaji keki inakaa sakafuni, chini ya boksi pakiwa na kitambaa kisichoteleza. Mapajani hapana, mapaja yana joto na yameinama.

Kuhusu rangi: ndoo nyeupe inapokea vizuri rangi ya jeli, na bluu ya anga tuliyotaka ilipatikana kwa ncha ya kijiti cha meno. Rangi ya maji usiijaribu, inalegeza fondanti kabla haijakolea. Itie rangi jana yake, kwa sababu inazidi kukolea ikikaa. Nyekundu na nyeusi nanunua zilizotiwa rangi kiwandani, maana ukizitafuta mwenyewe kutoka kwenye nyeupe utamwaga kikopo kizima, fondanti italainika na kuwa chungu. Zambarau iepushe na dirisha, ule wekundu wake unafifia kwa mwanga na unabaki na bluu.

Kwa bei yake, kilo moja ni ghali mara kadhaa kuliko kilo ya sukari, na kwa keki ya kula familia jioni sioni sababu ya kuinunua. Kwa bethidei yenye picha na wageni inalipa. Kuna kampuni ya Uswisi, Carma, inayotengeneza aina inayoitwa Massa Ticino Tropic mahsusi kwa nchi za joto na unyevu, na mfanyabiashara wa Kariakoo atakayeileta kwa wingi atanipata mlangoni.

Iliyobaki naipaka Kimbo kidogo, naifunga kwa nailoni mara mbili, naiweka kwenye ndoo yake yenye mfuniko, na ndoo naisimamisha ndani ya beseni lenye maji ya kina kidogo, kwa sababu ya sisimizi. Kwenye friji haiingii. Ukiifungua tena itakuwa ngumu. Ikate vipande, kanda kimoja kimoja, au kama una maikrowevu, sekunde 5 hadi 10 tu kisha uiguse kwanza, maana ndani inaweza kuwa na moto usioujua ukiitazama kwa nje.